Singeli bila mikato ya haraka
Kusema wanafunzi waliotengeneza video hii wamevunja kanuni zote za video ya singeli, muziki wa kasi wa mitaani Dar es Salaam, si kuwatendea haki. Uchochoro wa uswahilini upo, spika za kigodoro (sherehe ya mtaani ya usiku kucha) zipo, MC anaghani katikati ya umati kama kawaida. Walichogeuza ni uhariri. Singeli inakwenda mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, na wengi hukatakata picha kuufukuzia mdundo. Wao wameiacha kamera itulie kwa mchezaji mmoja karibu ubeti mzima. Hapo ndipo unaona miguu inavyofanya kazi! Na wasichana wamepigwa picha usoni, si kiunoni, jambo ambalo video nyingi za Bongo Fleva, pamoja na magari yao ya kifahari, bado zinalikwepa. Naomba tu waweke majina ya wachezaji mwishoni.