PCM au PMCs: binti anataka kompyuta, baba yake anasema hiyo ni kozi ya miezi mitatu

Jumapili nilikuwa Mbagala kwa dada, chai na mihogo, mara shemeji akaanzisha. Binti yao kamaliza fomu foo, matokeo mazuri tu, na dirisha la kubadili tahasusi (ule mchanganyiko wa masomo matatu ya advansi, yaani fomu faivu na siksi) lipo wazi mtandaoni, sasa anataka atoe PCM aweke PMCs, yaani fizikia na hesabu zinabaki, kemia inatoka, inaingia kompyuta. Shemeji ni fundi umeme wa magari pale Gerezani, haongei sana lakini akiongea amefunga: kompyuta ni kozi ya miezi mitatu, unalipia mtaani unapewa cheti, miaka miwili ya advansi unaenda kuitupa huko kwa nini? Binti akanigeukia, mjomba si ndo kazi yako, ongea na baba. Basi nikawa refa bila kuombwa filimbi.

Ni kweli ndo kazi yangu, programu ndo zinalipa kodi ya chumba Sinza, lakini advansi nilipiga PCM na kemia iliniachia S, alama ya mwisho kabla ya kufeli, ambayo mpaka leo siielezi vizuri mbele za watu. Kwa hiyo nilimuelewa binti haraka kuliko inavyotakiwa, na hapo ndo nikajishtukia.

Tuanze na shemeji maana kuna sehemu kachanganya na kuna sehemu kapatia. Kachanganya kwa sababu ile ya miezi mitatu ni ya kujua Word na Excel na kutuma barua pepe, ya fomu faivu na siksi ni kitu kingine kabisa, kule unasoma namna ya kuvunja tatizo hatua kwa hatua, data inavyopangwa, hifadhidata, mfumo unavyochambuliwa kabla haujatengenezwa, namba zinavyokaa kwenye mashine kwa 0 na 1, alafu ndo unaandika programu, na C++ ndo lugha iliyozoeleka kule. Kapatia kwa sababu inawezekana kabisa mtu akapita yote hayo kwenye daftari na hajawahi kuona programu yake mwenyewe ikifanya kazi. Mashine chache, umeme unakatika, mwalimu mmoja, na huyo mwalimu akiiva vizuri kwenye C++ kuna ofisi mjini inamtaka kwa mshahara mwingine, utamlaumu?

Lile la kuandika programu kwa kalamu ndo watu hulipigia kelele sana, eti unasomaje kompyuta kwenye karatasi, na mi nilikuwa hukohuko ila siku hizi nimelegea kidogo. Chukua swali dogo: namba inaanza na 1, kila mzunguko inazidishwa mara 2, lupu inaendelea mpaka namba ipite 100, mwisho inabaki ngapi? Kwenye mashine unabonyeza inakuletea 128, unaendelea na maisha. Kwa kalamu lazima uipeleke mwenyewe, 2, 4, 8, unafika 64, unajiuliza imepita 100? bado, kwa hiyo inazunguka tena, ndo 128, mizunguko 7, na hapo umejua kwa nini aliyeandika 64 kakosa. Nimefanya kazi na vijana wazuri tu ambao programu ikigoma wanabadilisha alama hapa, wanafuta mstari pale, wanabonyeza tena, mpaka kompaila, ile inayogeuza programu iwe lugha ya mashine, iwaonee huruma. Kalamu hairuhusu ujinga huo. Ila kalamu pekee nayo ni kama kujifunza kuogelea kitandani, siku ya kwanza mbele ya mashine semikoloni moja inakulaza njaa.

Sasa kitu ambacho naona hakisemwi. Hayo masomo matatu ya PMCs yanaongea. Hesabu za advansi zina mada ya lojiki, unachora jedwali la kweli na si kweli. Fizikia ukifika kwenye elektroniki unakutana na lojiki geti, vile visaketi vinavyopokea 0 na 1, jedwali lilelile. Kompyuta nayo ndo kabisa, jedwali lilelile tena. Au ile mada ya kukadiria majibu kwenye hesabu, njia ya Newton-Raphson, unatafuta kipeuo cha pili cha 2 unaanza na 1, inakuja 1.5, alafu 1.4167, alafu 1.4142, mi niliifanya kwa kalkuleta mpaka kidole kikauma nikaona ni adhabu, miaka baadaye nikaiandika kwa mistari kama 10 ya programu ndo nikaelewa nilikuwa nafundishwa nini. Mwanafunzi wa PMCs anaweza kuyapata yote mawili wiki moja. Kemia na hesabu kule PCM zilikuwa majirani wasiosalimiana, angalau kwangu.

Lakini PCM ina faida ya kawaida sana ambayo ni kubwa: wenzako ni wengi. Pasti pepa zipo za miaka na miaka, twisheni kila kona ya mji huu, ukikwama saa tano usiku bweni zima kuna mtu anajua. PMCs ukikwama kwenye arei, yaani data nyingi zilizopangwa chini ya jina moja, unaweza kukuta mko wanne na wote mmekwama palepale. Alafu kuna milango. Uinjinia mwingi unaangalia hesabu na fizikia kwanza kwa hiyo hapo PMCs haijakuua, lakini uinjinia wa kemikali na mambo ya viwandani ya upande huo ukishaiaga kemia umeaga. Mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, unatoka kila mwaka, usomwe wenyewe, sio kuhadithiwa na mjomba.

Na anayeenda PMCs kwa kuikimbia kemia tu, pole yake, kwa sababu ile hesabu inayomaliza watu ipo palepale, hajakimbia kitu. Nilimuuliza binti hilo waziwazi akacheka kwanza, nikaona eeh.

Dada akatupia, si aende DIT, chuo cha teknolojia hapa Dar, akachukue diploma moja kwa moja? Sio wazo baya, miaka mitatu anatoka na kitu mkononi, ila anayejua anataka digrii advansi ni miaka miwili, na binti ana miaka 17, hajui, na hatakiwi kujua. Kuhusu akili bandia kwamba saa hizi inaandika programu yenyewe, inaandika kweli, naitumia kila siku, na kila siku kuna mahali imeandika 64.

Nilichomwambia shemeji nilimchorea. Gari otomatiki haliwaki mpaka swichi iwe on NA gia iwe P AU N, si ndo? Akasema ndo. Nikachora jedwali la mistari 8, tukajaza wote, gari linawaka kwenye mitatu. Binti akanyanyua kichwa, mmoja haupo, gia haiwezi kuwa P na N kwa wakati mmoja. Shemeji akaliangalia lile karatasi muda, akasema mbona hiki ndo nafanya kila siku na testa.

Nikadhani nimeshinda. Akaweka kikombe chini: "Hiyo shule ina kompyuta ngapi, na ngapi zinawaka?"

Sikuwa na jibu. Jumatatu anapiga simu shuleni mwenyewe, na kasema wakimjibu kwa kuzungukazunguka, binti anabaki PCM na mi nitafute laptopu used Kariakoo nimfundishe kila likizo.