Elimu ya afya sio mabango jamani, mwambieni mama awaonyeshe

Wiki hii kwenye grupu letu la watu tulio ughaibuni tumechangishwa tena hela ya "elimu ya afya" nyumbani. Nikaomba bajeti nikaisoma yote: mabango, fulana, vipeperushi, spika, posho za wageni rasmi. Roho imeniuma kwa kweli, sababu hakuna hata senti moja iliyowekwa kwa ajili ya kurudi baada ya mwezi kuangalia kama kuna mtu ameshika kitu.

Ngoja niwaambie kwanini naumia. Miaka kadhaa nyuma dada yangu alimpeleka mwanawe kliniki, anaharisha. Kina mama wakakalishwa kwenye benchi, nesi akasimama mbele akafundisha vizuri tu, kunawa mikono, maji safi, ORS (ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji anywe mtoto anayeharisha), mwisho akauliza mmeelewa? wote wakaitikia ndiyooo. Dada karudi nyumbani na pakiti zake akamimina pakiti nzima kwenye kikombe kimoja. Pakiti ile ilikuwa ya lita moja! Ukiichanganya na maji kidogo hivyo chumvi inazidi, na mtoto anaweza kuzidiwa badala ya kupona. Bahati nzuri mtoto alionja akatema, ndo ikawa pona yake. Nilipompigia akaniambia "sasa kaka lita mimi ningeipimia wapi, humu ndani kuna vikombe na sufuria". Dada sio mjinga, na yule nesi simlaumu, alikuwa peke yake na foleni imefika nje. Ila hakuna aliyemuuliza utapimia nini.

Huku nimekuja kukuta kitu tofauti. Mwanangu alipoanza pumu nesi akatuelekeza ile pampu na chupa yake ya kuvutia dawa, alipomaliza hakuniuliza umeelewa, alinikabidhi akasema hebu nionyeshe utakavyofanya usiku mtoto akibanwa. Nikatikisa, nikamvalisha barakoa yake, nikabonyeza mara mbili mfululizo. Kumbe unabonyeza mara moja, mtoto anavuta pumzi kama tano hivi, halafu ndo unatikisa tena na kubonyeza ya pili. Yule nesi akaniambia "pole, hapo mimi ndo sikueleza vizuri", akarudia kuanzia mwanzo, nami nikaonyesha tena mpaka nikapatia. Yani kosa alilibeba yeye! Sijawahi kusahau zile hatua mpaka leo.

Sasa mtu ataniambia huko kwenu wana hela na muda. Hapana, mbona Bangladesh walifanya hivi kuanzia mwaka 1980 wakiwa maskini kabisa. Shirika la BRAC lilituma wanawake nyumba kwa nyumba kufundisha kutengeneza maji ya chumvi na sukari guru kwa anayeharisha, na kipimo kilikuwa kile alichonacho mama mwenyewe: chumvi ya kubana kwa vidole vitatu, guru ya kujaza kiganja, maji kama nusu lita. Mama anachanganya mwenyewe huku mwalimu anaangalia. Baadaye anakuja mtu mwingine kuuliza baadhi ya wale mama wanakumbuka nini, na mshahara wa mwalimu ulitegemea majibu hayo, sio idadi ya nyumba alizopita. Hata hivyo mwanzoni waligundua wengi wamejua ila hawatumii, kufuatilia wakakuta baadhi ya walimu wenyewe hawaiamini ile dawa na wanaume hawakushirikishwa, wakarekebisha. Kufikia 1990 walikuwa wamefikia kaya zaidi ya milioni 12. Wangegundua vipi bila kurudi kuuliza?

Na msidhani huku kila kitu ni sawa. Kuna bibi jirani yangu, mhamiaji kama mimi, ana droo imejaa vipeperushi vya kisukari kwa lugha asiyoisoma na hakuna anayegonga mlango wake. Nyumbani tuna mhudumu wa afya ya jamii anayeijua kila nyumba, anajua nani mjamzito na nani kaacha dozi, hiyo ni hazina ambayo huku wanaitafuta. Lakini huyo huyo ndo tunamtembeza bure miaka na miaka tukimwita mtu wa kujitolea, wakati Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2018 ilishatoa mwongozo kwamba walipwe kwa kazi yao. (Mwongozo huo huo unasema malipo yasitegemee matokeo pekee, na mimi nakubali, mtu ana watoto wa kulisha.)

Kwa hiyo grupuni nimeandika hivi: mchango wangu upo tayari, ila fulana ziondolewe kwenye bajeti, hiyo hela iende kwa wahudumu wawili watakaopita nyumba kwa nyumba, kila mama achanganye ORS kwa chombo chake mwenyewe na baba akiwepo naye achanganye, na kuwe na mstari kwenye bajeti wa kurudi baada ya mwezi. Mpaka sasa wamenijibu watu watatu, mmoja wao ni nesi, kasema yeye ataandika maswali ya kuuliza siku ya kurudi.