Ushauri nasaha usio na ushauri

Nadhani kosa limeanzia kwenye jina. Kwetu Tanzania tunaita "ushauri nasaha", na wengi tulilisikia kwa mara ya kwanza kwenye matangazo ya kupima Ukimwi. Ushauri ni ushauri, na nasaha nayo ni ushauri. Kwa hiyo mama alipofariki Tanga, nami nikakwama huku Leicester kwa sababu makaratasi yangu hayajakamilika, nilikwenda kwa mtaalamu kuchukua ushauri maradufu. Sikupewa hata mmoja.

Kufika kwake si shida kama tunavyodhani. Hapa England huhitaji barua ya daktari. Unaomba mwenyewe huduma ya taifa ya tiba ya mazungumzo, hulipi, ila unangoja. Kiingereza kikikupiga chenga, omba mkalimani, naye ni bure. Dawa usitegemee, huyu haandiki dawa.

Kila wiki kwanza unajaza fomu: maswali 9 ya huzuni, 7 ya wasiwasi, kila moja unajipa alama 0 hadi 3. Nilikasirika. Msiba wa mama unajumlishwa kama hesabu za darasa la saba? Lakini sisi tumelelewa kujibu "nzuri" hata paa likiwaka. "Habari za nyumbani?" "Nzuri, ila jana tumezika." Ile fomu haina nafasi ya "nzuri, ila".

Halafu zile dakika 50. Mama wa Kizungu anauliza swali moja, ananyamaza. Msibani kwetu kimya hakiruhusiwi: pole, kazi ya Mungu, jikaze, watoto wanakutazama. Yeye alikiacha kimya kikae chumbani kama mgeni wa tatu. Kikao cha tatu nikamwambia, sasa mbona husemi neno? Akaniuliza ningependa aniambie nini. Nikajikuta nalia, maana jibu nililijua. Nilitaka anigombeze. Simu ya mwisho na mama tuligombana, kisa hela ya bati.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaosema "sisi tuna matanga, hatuhitaji mambo ya Wazungu". Matanga nayatamani mpaka leo. Wanawake wangelala nami mkekani siku tatu, wangenilazimisha uji, nisingepika wala kufua. Huku hakuna aliyegonga mlango hata na kikombe cha chai. Lakini habari ya zile hela ningeisema mkekani? Kabla ya magharibi ingekuwa imefika mtaa wa Chumbageni. Huyu mama wa Kizungu siri haitoi ovyo, labda akiona uhai wa mtu uko hatarini, na hilo alinieleza siku ya kwanza.

Tiba ya sanaa nilikutana nayo baadaye, kwenye kikundi cha wafiwa. Jina lake lilitoka kwa mchoraji Mwingereza, Adrian Hill, mwaka 1942, baada ya kuugua kifua kikuu na kuona kuchora kunavyomfaa mgonjwa kitandani. Leo Uingereza hakuna anayeruhusiwa kujiita mtaalamu wa tiba hiyo bila kusajiliwa. Mimi mara ya mwisho kuchora nilikuwa darasa la nne, nyumba na jembe, nikapata 4 kwa 10. Hapa hakuna anayekusahihisha. Wala hakuna anayesoma picha yako kama mganga anayepiga ramli, jambo nililoliogopa sana.

Nikachora kanga ya mama. Pindo, mji, korosho kwenye kona. Sehemu ya jina nikaiacha tupu. Kijana anayetuchoresha hakuwahi kuona kanga maishani, akauliza tu hapo katikati mbona peupe. Nikamweleza kwamba hapo huandikwa maneno, na mama alijua kumjibu jirani kwa kanga bila kufungua mdomo. Akauliza, ya mama yako iliandikwaje? Sikukumbuka. Nikashika penseli ya rangi mpaka muda ukaisha.

Jumapili nikampigia mama mkubwa kumuuliza. Akacheka mpaka akakohoa. Kanga ile ilichanika zamani, mama mwenyewe aliikata matambara ya kushikia sufuria.

"Na huyo anayewachoresha," akasema, "analipwa?"

Nikamwambia analipwa.

"Basi mwambie akununulie kanga mpya."