Berlin niliyoiona mimi ni mgongo wa Mhasibu

Toka turudi siwezi kukatiza Ndoro, mtaani kwetu hapa Lindi mjini, kwa amani. Nikipita tu naitwa, oya wa Ujerumani njoo utupe stori, na pale kwenye kahawa siku hizi nasogezewa kikombe na kashata juu, bure kabisa, mradi niseme Berlin kukoje. Jamani nasemaje? Mi Berlin sijaiona. Nilichoona ni mgongo wa Mhasibu wa kikundi chetu, koti la kijani lenye zipu iliyokufa, kutwa liko mbele yangu, kulia kuna geti la kihistoria, kushoto kuna sijui kasri la nani, mi macho kwenye koti tu kwa sababu ukiliacha ukashangaa jengo kidogo, ukigeuka watu hawapo.

Tulikuwa thelathini na nne. Kikundi cha ngoma, wapigaji, waimbaji, wachezaji, halafu wale ambao hawapigi hawaimbi hawachezi ila wapo, si unajua kila kikundi kina hao, Mwenyekiti, Makamu, Mhasibu, na mshauri wa Mwenyekiti ambaye sijawahi kumsikia akishauri kitu. Wenyeji wetu sina kesi nao, walitualika vizuri, tiketi wametoa, pa kulala wametoa. Kesi yangu ni na yule aliyekubali mwezi wa kwanza. Mwezi wa kwanza! Huku Lindi mwezi huo mtu anatoa godoro nje kibarazani maana ndani hakukaliki, kule maji yameganda barabarani mpaka wanamwaga vikokoto kwenye njia za miguu watu wasianguke, na sisi tukaanguka hivyo hivyo na vikokoto vyao. Shangazi mmoja kateleza mbele ya kanisa kubwa, kakaa chini pwaa, tunamnyanyua hataki, anasema niacheni hapa hapa angalau sitembei.

Makoti tulinunua mitumbani hapa hapa mjini, yale mazito ambayo miaka yote muuzaji anayatandika chini ayakalie, alivyosikia watu wanaenda Ulaya bei ikapanda siku hiyo hiyo. Yaani koti limetoka kwao kwenye belo, likavuka bahari, likakaliwa Lindi, halafu likarudi kwao na mtu ndani.

Na usidanganywe na jua. Jua la kule ni kama taa ya ndani ya friji, inawaka ila kazi ya kupasha haiko nayo. Lenyewe linachomoza saa mbili na robo asubuhi, saa kumi na kitu jioni limeshazama, giza totoro na watu bado wako maofisini. Sa sisi wa kuswali ndo ilikuwa patashika, adhuhuri saa sita na kitu, hujamaliza kukunja mswala vizuri alasiri hii hapa, unavaa viatu, magharibi. Babu mmoja wa kijiji cha Mipingo tuliyekuwa naye, mwimbaji wetu wa zamani, akaona bora ashinde na udhu wake kutwa nzima asisumbuke.

Huyo babu ndo alikuwa na chupa. Vyoo vya kule stesheni unalipia, nusu euro, saa nyingine euro nzima, unaingia ndani unakuta karatasi tu, maji ya kutawadha hamna. Babu akasema hayo mambo ya karatasi hayataki, akachukua chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, kila akiona bomba anaijaza, anatembea nayo mkononi. Sasa kule chupa tupu ni hela, ukiirudisha dukani kwenye mashine unapewa senti 25, kwa hiyo kuna watu wanazunguka mjini kutafuta chupa. Jamaa mmoja akaiona ya babu. Akatufuata. Tukisimama anasimama, tukivuka anavuka, anasubiri babu amalize maji, hajui kwamba maji yale siyo ya kunywa. Mwisho akasogea kwa adabu kabisa akaonyesha kwa kidole, naomba hiyo ukimaliza. Babu akaikumbatia, "Mwambieni hii ya chooni!" Tukamgeukia binti aliyekuwa anatuongoza, maana yeye Kiswahili alisoma chuo, anaongea kile cha kitabu safi, binti wa watu akawa mwekundu, sijui alimwambia nini yule jamaa lakini aliondoka haraka.

Haya, usafiri. Ipo tiketi ya kutwa ya kikundi kidogo, mwisho watu watano. Thelathini na nne gawa kwa tano unapata makundi sita na wanne wa kubaki, kwa hiyo makundi saba, kila kundi na mshika tiketi wake. Ukimpoteza mshika tiketi wako na wewe huna tiketi. Na wakaguzi wa kule wengine hawana sare! Anakaa jirani yako na kofia yake ya sufi, unaona abiria mwenzio, milango ikijifunga ndo anasimama anatoa kitambulisho. Faini euro 60, yaani laki na nusu na chenji juu, kwa kukosa kusimama karibu na mtu. Na mshika tiketi wangu mimi alikuwa nani? Shangazi wa kukaa chini. Mwanamke haoni dirisha la duka akalipita, yeye kioo chochote chenye sanamu limevaa nguo lazima aulize bei kwa macho, sasa mi nifuate koti la Mhasibu au nimsubiri shangazi mwenye tiketi? Nimetoka Berlin shingo inauma upande mmoja.

Taa za barabarani nazo. Wana kijitu chenye kofia kwenye taa ya waenda kwa miguu, kikiwa chekundu kimenyoosha mikono, kikiwa kijani kinatembea. Kijani chenyewe kinakaa muda wa kuvuka watu kumi na tano hivi. Nusu ya kikundi iko ng'ambo, nusu tumebaki, na hapo gari hamna, naangalia kulia hamna, kushoto hamna, Wajerumani wote wamesimama wima kwenye ule upepo. Nikatanguliza mguu. Bibi mmoja wa kizungu akanikata jicho, hajasema neno, nikaurudisha.

Kila tukivuka, kuhesabiwa. Mwenyekiti anahesabu thelathini na tatu, presha juu, nani kapotea, tunaitana majina pale baridi inakula masikio, kumbe hajajihesabu mwenyewe. Anampa Makamu. Makamu anapata thelathini na tano. Tukarudia mpaka binti wa watu akagundua kuna mama wa Kijerumani pale kajifunga skafu anasubiri basi lake, kahesabiwa na sisi mara mbili na yeye kanyamaza tu.

Mwenyekiti akatoa wazo, mtu akipotea aende kwenye ule mnara wa televisheni, mita 368, uko Alexanderplatz pale tangu 1969, unaonekana mji mzima. Wazo zuri. Siku hiyo ukungu ukashuka ukaumeza mnara wote, umebaki mguu tu, na mguu wa mnara huuoni mpaka uwe umeshaufikia. Mshauri wa Mwenyekiti alipotea siku hiyo. Tulimkuta kwenye duka la Mturuki anakula kebabu, ana joto lake, anatushangaa tunamtafutia nini.

Chakula nisiongee sana, soseji zao zile za mchuzi wa bizari nyingi ni za nguruwe, kwa hiyo sisi ni kebabu za Waturuki asubuhi mchana jioni, Mungu awabariki Waturuki. Ila dukani tulikwama. Bibi mmoja kaona pakiti ya korosho. Jamani. Watu wa Lindi na Mtwara uwaonyeshe korosho ughaibuni halafu utegemee waendelee na safari? Thelathini na nne wote kwenye rafu moja. Pakiti ndogo, kiganja tu, Mhasibu katoa simu anapiga hesabu ya kilo, analinganisha na bei ya mnada wa mwisho wa ushirika, watu wanaguna, mmoja kageuza pakiti nyuma akaona imeandikwa Vietnam, hapo ndo zikaanza hotuba. Maana sisi za kwetu nyingi tunauza na maganda, zinapanda meli kwenda kubanguliwa India na hukohuko Vietnam, sa huyu wa kwenye pakiti katokea wapi? Babu akaitikisa, akaisikiliza, akasema huyu wa Nachingwea huyu, namjua. Mlinzi wa duka akasogea. Tukatoka bila kununua hata maji.

Geti la Brandenburg basi. Binti akatusimamisha mbele, upepo unapita katikati ya nguzo unakuja usoni moja kwa moja, akaanza, ndugu zangu wapendwa, lango hili lilikamilika mwaka 1791, juu mnaona gari la farasi wanne, mwaka 1806 Napoleon alilichukua akalipeleka Paris, mwaka 1814 likarudishwa. Watu wanatikisa vichwa, wengine siyo kwa kukubali, ni kutetemeka. Babu akanyoosha mkono.

"Mwanangu, hao farasi walichukuliwa vitani?"

"Ndiyo, babu."

"Wakakaa huko miaka minane."

"Minane, ndiyo."

"Wakarudishwa kwao."

"Wakarudishwa."

"Mjusi wetu je?"

Binti akaangalia mwavuli wake. Maana babu toka tunashuka ndege hana habari na mageti wala makanisa, yeye kaja kwa mjusi wa Tendaguru tu, ile mifupa ya dinosaria iliyochimbwa kwetu Lindi, kila tukisimama sehemu anauliza, ndo hapa? Siyo hapa babu, hapa ni ukuta. Ukuta wenyewe, ule uliougawa mji mara mbili, tuliupitia mbio, waliujenga 1961 ukafunguliwa 1989, sehemu kubwa imebaki mstari wa mawe barabarani, tukafika giza limeshaingia tukapiga picha ya giza.

Kwenye makumbusho ya mjusi Mwenyekiti alitupeleka Jumatatu. Jumatatu wanafunga. Thelathini na nne tumesimama kwenye mlango mkubwa tunasoma karatasi, theluji inashuka, na hakuna aliyethubutu kusema kitu maana Mwenyekiti alikuwa anatafuta wa kumlaumu na macho yake yalishaanza kuzunguka.

Tukarudi siku nyingine. Dirishani babu akasikia kiingilio, akagoma. "Mimi ndugu wa marehemu. Wapi umeona msibani ndugu wa marehemu analipa kiingilio?" Foleni nyuma yetu ya watoto wa shule imefika nje. Mhasibu akamlipia kimyakimya, akaandika kwenye daftari, dharura.

Ndani joto, joto kweli, joto la Lindi, ndo mara ya kwanza nilihisi vidole vya miguu. Ila sasa ukiingia na makoti unaiva, inabidi kuvua, na watu wamevaa sweta tatu, suruali mbili, kanga kiunoni, kanga kichwani, kanga chini ya koti. Mwenyekiti katupa saa moja, tumevua hapo mpaka nusu saa imekwenda, kabati zimejaa, mwingine anavua na kumvalisha mwenzie.

Tukaingia ukumbini. Sikieni, hilo dude ni refu. Mita 13.27 kwenda juu, shingo inapanda huko darini, walilisimamisha mara ya kwanza 1937. Na siyo peke yake, kuna na wenzie wa kutoka Tendaguru huko huko, ukumbi umejaa watu wa nyumbani. Binti akaeleza walichimba kuanzia 1909 mpaka 1913, Vita vya Maji Maji havijapoa hata vizuri, mifupa ikabebwa kichwani na mabegani kwa siku kadhaa mpaka bandarini Lindi, tani zaidi ya mia mbili, kwa miguu. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Mswahili mwenzetu, Boheti bin Amrani, mwaka 2007 wanasayansi wakaja kumpa mjusi mwingine wa hapo Tendaguru jina lenye jina lake. Nikajiambia sawa, jina wamempa, na mjukuu wake akija si atalipa kiingilio huyo.

Babu kasimama kwenye paja la mjusi, chupa mkononi, anasema babu yake mzaa baba alikuwa mpagazi wa hiyo kazi, alibeba mpaka shingo ikaingia mabegani, halafu akatugeukia sisi, "Na nyie mnalia baridi." Watu kimya. Halafu akaanza kumsalimia mjusi kwa Kimwera, taratibu, na mlinzi akaanza kumwangalia, na mi ndo nikasema sasa angalau nitulie nitazame kitu kimoja katika safari hii nzima, mara nasikia Mwenyekiti, jamani muda, muda, picha ya pamoja!

Mpiga picha alikuwa Makamu. Thelathini na tatu mbele, warefu nyuma, wanaume wachuchumae, hapana wanawake wachuchumae, Mwenyekiti katikati, hapana shangazi toa hilo koti, rudi nyuma, Makamu anarudi nyuma mpaka kagonga kabati la kioo, wote tumeingia kwenye picha, hakuna aliyekatwa hata sikio.

Picha ndo hiyo nimeiweka kwenye simu, pale kahawani inazungushwa mkono kwa mkono, kila mtu anauliza swali lile lile, sa mjusi mwenyewe yuko wapi? Si huyo hapo jamani, nyuma ya Mhasibu, hicho kidole.