Upepo wa bahari haufiki Kimara ukiwa safi

Mkazi wa Dar es Salaam akiambiwa hewa ya jiji lake ni chafu, jibu analo mdomoni: sisi tuna bahari. Kampala wamebanwa na vilima, Nairobi hawana pwani, lakini hapa upepo hauishi. Upepo wa kaskazi ukiondoka mwezi Machi, wa kusi unashika zamu, na wote unatoka baharini. Moshi utakaa wapi?

Hoja hiyo ina uzito. Simama Kivukoni saa nane mchana utaiamini mwenyewe: nchi kavu imechomwa na jua, hewa yake inapanda, na ya baharini inaingia kujaza nafasi. Masika nayo huosha. Mvua ya Aprili ikishuka, vumbi linalala na chembe za moshi zinateremka na matone.

Ila upepo haufuti kitu, unahamisha. Ukitoka baharini unapita kwanza Posta, Kariakoo na Ilala, unazoa moshi wa foleni za Buguruni na Ubungo, ndipo ufike Kimara, Mbezi na Gongo la Mboto. Wa Masaki anavuta hewa iliyotoka majini. Wa Kimara anavuta ile ambayo daladala zimeshaitumia. Ukifunga kipimo kimoja Oysterbay, kule ufukweni, ukasema umepima Dar es Salaam, umepima Oysterbay.

Majira nayo yana ujanja wake. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango cha juu linachopendekeza cha chembe ndogo za moshi na vumbi hewani hadi maikrogramu 5 kwa mita moja ya ujazo, kwa wastani wa mwaka mzima. Lakini wastani wa mwaka unameza Aprili na Julai kwa pamoja, na Julai si Aprili. Usiku wa kipupwe, anga likiwa halina wingu, ardhi inapoteza joto upesi na hewa ya chini inapoa kuliko ya juu. Hewa baridi ni nzito, haipandi. Ya vuguvugu inaifunika kama mfuniko wa sufuria. Bonde la Msimbazi, linaloshuka kutoka vilima vya Pugu hadi Jangwani, linaikusanya kama linavyokusanya mafuriko.

Alfajiri hiyo upepo wa bahari bado umelala, na upepo wa umande, ule wa kutoka bara, unapumua kwa shida. Ndiyo saa ya majiko ya mkaa ya vitumbua na chai, ya bodaboda za kwanza, na ya kufagia uwanja na kuchoma majani. Nimelelewa hivyo: uwanja ambao taka zake hazijachomwa kabla ya jua kupanda ulikuwa ushahidi wa uvivu. Kumbe tuliwasha moto katika saa mbaya kuliko zote.

Wapo wanaosema habari za upepo na mabonde ni kisingizio tu, kwamba kipupwe hakizalishi masizi. Kweli, anayezalisha ni mkaa, dizeli na taka. Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziliagizwa kuachana na kuni na mkaa kufikia mwisho wa Januari 2024. Naunga mkono. Lakini 2034 ni mbali, na anayedharau majira hataona hata udanganyifu wa masika: nje hewa imeoshwa, huku jiko limeingizwa ndani kukwepa mvua na mama anapika machozi yakimtoka. Mvua ikikatika, matope ya barabara za mitaani yanasagwa na magari kuwa vumbi la Juni.

Kwa hiyo ningeanza na saa. Kukataza kuchoma taka kabla ya saa nne asubuhi, Juni hadi Agosti, katika mitaa ya mabondeni, hakuhitaji mtambo wala mkopo. Kunahitaji kitu kimoja ambacho mitaa mingi ya pembezoni haina. Mjumbe akipita alfajiri kuzima mioto, swali la kwanza atakaloulizwa ni gari la taka linakuja lini.