Polisi Akiua Raia, Nani Ampeleleze?

Kila raia anapouawa kwa risasi ya polisi na vijana wakamiminika barabarani, wakubwa huuliza kwanza ni nani aliyewachochea. Hapa Dodoma nimelisikia swali hilo maofisini na vijiweni, na ninaamini linakwepa jambo lenyewe. Kinachowatoa watu majumbani ni kujua kwamba atakayechunguza kifo hicho anatoka katika jeshi lile lile la aliyefyatua risasi, na kwamba hawana mlango mwingine wa kubisha.

Mjini Ferguson, katika jimbo la Missouri nchini Marekani, Michael Brown, kijana mweusi wa miaka 18 asiyekuwa na silaha, aliuawa kwa risasi za polisi tarehe 9 Agosti 2014. Mwili wake ulilala barabarani kwa takriban saa nne, majirani wakiushuhudia, na jina la askari halikutajwa hadi siku kadhaa baadaye, wakati mji tayari unawaka. Mwezi Machi 2015 Wizara ya Sheria ya nchi hiyo ilitoa ripoti mbili. Moja ilieleza kwamba hakukuwa na msingi wa kumshtaki askari huyo. Ya pili ilionyesha kwamba wakazi weusi, waliokuwa asilimia 67 ya watu wa mji, walikuwa asilimia 93 ya waliokamatwa, na kwamba faini zilikuwa zimegeuzwa chanzo cha mapato. Ninazitaja zote mbili kwa makusudi, kwa sababu askari anaweza kuepuka mashtaka na bado hasira ya mji ikawa na sababu za kweli.

Kwetu mifano ipo. Tarehe 2 Septemba 2012, huko Nyololo wilayani Mufindi, katika mkoa jirani wa Iringa, mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa kwa bomu la machozi akiwa amezingirwa na askari. Wenzake walikuwapo na kamera zao, na mwaka 2016 askari mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Tarehe 16 Februari 2018, jijini Dar es Salaam, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji alipigwa risasi akiwa ndani ya daladala, polisi walipokuwa wakiwatawanya waandamanaji. Askari walikamatwa, kisha jalada likafungwa bila mtu kufikishwa mahakamani. Haki ya marehemu haipaswi kutegemea kama palikuwa na mpiga picha karibu.

Wanaoumia zaidi ni ndugu. Hukaa kwenye benchi nje ya mochwari tangu asubuhi, baba mkubwa akiwa na karatasi ambayo hakuna aliyemweleza maana yake, huku mtu mwenye cheo akiwahimiza wazike mapema ili kuepusha vurugu. Nyumbani turubai limeshafungwa na wanawake wameshabandika sufuria za msiba. Redioni wanasikia kwamba kijana wao alikuwa jambazi, kabla hata daktari hajaugusa mwili. Familia iliyotendewa hivyo utaiambiaje iwe na subira?

Siungi mkono kuchoma kituo cha polisi wala kumpiga mawe askari asiyehusika, ambaye naye ana watoto wanaomsubiri. Hata hivyo, sheria tunayo tayari. Sheria ya Uchunguzi wa Vifo ya mwaka 1980 inaruhusu kifo chenye utata kuchunguzwa mbele ya korona, yaani ofisa wa sheria anayechunguza chanzo cha kifo, mashahidi wakahojiwa hadharani, lakini tunaitumia kwa nadra mno. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, yenye makao yake hapa hapa Dodoma, nayo huchunguza, ila inachotoa ni mapendekezo. Kenya iliunda mamlaka huru ya kuwasimamia polisi kwa sheria ya mwaka 2011, na ingawa risasi hazijakoma huko, familia ina mahali pa kupeleka malalamiko pasipo kituo cha polisi.

Ninachokiomba kwa wabunge wanaokutana katika jiji hili ni kifungu kimoja cha lazima: kila kifo kinachotokana na silaha ya polisi kifunguliwe uchunguzi wa korona, na askari anayetuhumiwa aondolewe kazini na silaha yake ikabidhiwe kwa wachunguzi wasio wa jeshi lake, kabla marehemu hajazikwa.