Msiipake Rangi Raleigh ya Babu

Jumamosi pale Mwanjelwa, Mbeya, nimeoneshwa baiskeli ya zamani ya Raleigh, eti "imekarabatiwa". Fremu nyekundu inang'aa, madigadi mapya, kiti cha plastiki. Kijana anayeiuza anasema ni ya babu yake wa Mbozi, aliinunua kwa fedha za kahawa. Nimeumia. Rangi nyeusi ya kiwandani imekwanguliwa kwa msasa, na ile mistari myembamba ya dhahabu imeondoka nayo. Kiti cha ngozi kilitupwa kwa kuwa kilikuwa kimekakamaa.

Ndugu zangu, anayetafuta baiskeli ya kale hatafuti usafiri. Usafiri ataupata kwenye bodaboda. Anatafuta kitu kilichobaki kama kilivyotoka kiwandani Nottingham, Uingereza, na rangi ya kiwandani ikishatoka haina namna ya kurudi. Tairi, tyubu, hata mnyororo, badilisheni, hakuna atakayewalaumu. Ila rangi, nembo na kiti viacheni, hata kama vimechakaa. Vumbi na kutu ya juujuu futeni taratibu kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, basi.

Kuna uharibifu mwingine unaonichoma zaidi kwa sababu hauonekani. Raleigh walitumia thredi (mistari ya skrubu) zao wenyewe, 26 kwa inchi, wakati viwanda vingi vya Uingereza vilitumia 24. Fundi ananunua vikombe vipya vya gololi, vile vinavyofungwa kwenye fremu pale ekseli ya pedeli inapopita, vinagoma kuingia, anavilazimisha kwa spana kubwa. Thredi za fremu zinakatika, na fremu iliyopanda milima yetu miaka yote hiyo inaharibiwa kwa dakika chache. Mwambieni arudishe vikombe vilevile, aweke gololi na grisi mpya.

Kuitambua si kazi ngumu. Anza na nembo iliyo mbele, chini ya usukani: Raleigh ina kichwa cha korongo, na nyingi zimechongwa ndege huyohuyo kwenye sproketi kubwa ya pedeli. BSA, baiskeli nyingine ya Uingereza, ina bunduki tatu zilizoegemezana, maana kiwanda cha Birmingham kilianza na silaha. Mwaka 1957 Raleigh waliinunua biashara hiyo ya baiskeli, hivyo jina BSA peke yake halithibitishi kwamba imetoka Birmingham. Breki za vyuma na rimu za inchi 28 zisikudanganye, hata Phoenix ya Shanghai, China, inavyo.

Kama ina gia tatu ndani ya habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma, una bahati. Pangusa grisi kwenye habu ya Sturmey-Archer utafute tarakimu zilizogongwa: 56 na 7 ni Julai 1956. Haya, nakubali, gurudumu linaweza kuwa lilibadilishwa, kwa hiyo mwaka huo ni wa habu, si lazima uwe wa fremu. Bado ni ushahidi wa kushikika kuliko maneno ya "ni ya enzi za Mwingereza".

Mnunuzi wa chuma chakavu msimwite, yeye anapima kilo. Pigeni picha mchana: nembo, habu, sproketi, namba ya fremu, kiti kwa juu na kwa chini. Kilichobadilishwa kitajeni kabla hamjaulizwa. Na mzee aliyeipanda, kama bado yupo, kaeni naye mwandike aliinunua wapi, mwaka gani, alibebea nini. Karatasi hiyo iende na baiskeli kwa mnunuzi.